Swali la Tangi la Mahindi

Wanafunzi walimwita Bi Nusu, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Mwalimu gani mwingine wa biolojia angeishika karatasi ya mtoto, akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua kitambaa dukani, mwishowe akatoa nusu alama? Ukiandika jibu zima unapata alama nzima. Jibu lako likiwa na kasoro, hata kasoro ya unywele, unapata nusu. Ukienda kumlilia, anakuambia ushukuru, wapo waliokosa hata hiyo. Watoto walimwogopa, wakamcheka nyuma ya mgongo, na wakafaulu somo lake kuliko masomo mengine yote, kwa hiyo hakuna mkuu wa shule aliyewahi kumgusa.

Jumamosi ile alikuwa peke yake katika chumba cha walimu, madirisha wazi, karatasi za mtihani wa majaribio zimerundikana mbele yake, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa amefika kwenye upumuaji wa seli, na hapo ndipo makaburi ya watahiniwa yalipo siku zote. Mmoja aliandika kwamba seli huvuta hewa safi na kutoa hewa chafu kupitia pua ya seli. Bi Nusu aliipigia mstari hiyo pua, akaweka alama ya kuuliza, akaendelea. Mwingine alisema mimea hupumua usiku tu, kwa sababu mchana iko jikoni inapika chakula chake. Mwingine alisema nishati huumbwa na seli, kana kwamba seli ni Mwenyezi Mungu. Kwenye lile jaribio la kuweka mbegu ndani ya chupa ya chai, watahiniwa waliulizwa kwa nini chupa ya pili ilitiwa mbegu zilizochemshwa, na nusu ya darasa walijibu kwamba zilichemshwa ili ziive.

Lakini aliyemvunja mbavu ni yule aliyeulizwa kwa nini misuli ya mkimbiaji huuma akimaliza mbio. Alichanganya misuli na hamira, akaandika kwamba misuli ikikosa oksijeni hutengeneza pombe, ndiyo maana mkimbiaji akifika mwisho huyumbayumba na kuanguka. Bi Nusu alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Alitamani awepo mwenzake amsomee.

Kisha akafika swali la saba, na kicheko kikamkauka.

Mtihani huo hakuutunga yeye. Ulitungwa na jopo la walimu wa shule kadhaa, ukaletwa umefungwa kwenye bahasha, na yeye aliusoma kwa mara ya kwanza asubuhi ya mtihani wenyewe, amesimama mbele ya chumba akisimamia. Alipofika swali la saba alirudi akalisoma tena. Swali lilisema hivi: mkulima alivuna mahindi kabla hayajakauka sawasawa, akayaweka ndani ya tangi la zege, akaziba mdomo wake hewa isipite. Sehemu ya kwanza, eleza kwa nini wadudu waliokuwa kwenye mahindi walikufa. Sehemu ya pili, eleza kwa nini mahindi yalipata joto. Sehemu ya tatu, eleza kwa nini ni hatari kwa mtu kuingia humo mara tu tangi linapofunguliwa.

Mtunzi wa swali alikuwa hamjui wala hajui kisa chake. Alitunga tu, kama watunzi wanavyotunga. Kumbe alikuwa ameandika kifo cha mdogo wa Bi Nusu.

Sasa hapa ndipo penye kidonda, kwa hiyo tuende taratibu. Bi Nusu alikuwa na mdogo wake wa kiume, mkulima, mtu wa kucheka ovyo, ambaye utotoni alimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mtoto wake. Kwa mdogo huyo hapakuwa na kitabu kikubwa kuliko neno la dada. Uani kwake kulikuwa na tangi la zege lililochimbiwa ardhini, la kuhifadhia maji ya mvua, likaachwa maji ya bomba yalipofika. Wadudu walikuwa wanamalizia mahindi yake kila mwaka. Vidonge vya dawa ya ghala hakuvitaka ndani ya ua wake, maana binti yake alikuwa mdogo na mkono wake ulifika kila mahali. Basi akampigia dada simu, amfanyeje mdudu huyu.

Dada akampa somo zima, tena kwa raha, mkono mmoja kiunoni. Alimwambia aachane na vidonge. Ajaze mahindi ndani ya lile tangi kavu, aweke kifuniko, azibe kwa udongo na lami pasibaki hata tundu la sindano. Wadudu watapumua, watamaliza oksijeni iliyomo, watakufa wenyewe bila sumu. Mdogo mtu akacheka kwa furaha, akasema dada yake ni kiboko, na wiki nzima alikuwa anasimulia kila apitaye mlangoni jinsi dada yake mwalimu alivyomfundisha kuua wadudu kwa akili.

Somo lilikuwa sahihi, isipokuwa Bi Nusu alisahau kitu kilekile ambacho wanafunzi husahau kila mwaka. Alisahau kwamba punje ya mahindi nayo iko hai. Alihesabu pumzi za wadudu, hakuhesabu pumzi za mahindi. Hakuuliza kama yamekauka, na hayakuwa yamekauka. Mvua iliwahi mwaka ule, watu wakavuna harakaharaka. Punje zenye unyevu hupumua kwa pupa, na ukungu unaoota juu yake hupumua zaidi. Mle tangini oksijeni ikaliwa yote, mkajaa kabonidioksidi, hewa nzito inayotuama chini isipopata pa kutokea. Wala hakumwambia kwamba siku ya kufungua, afungue aache wazi muda mrefu, na asithubutu kushuka. Hilo halikumpitia kichwani hata kidogo.

Unga ukaisha ndani ya nyumba. Mkewe akamwomba ashuke akachote mahindi. Akabandua kifuniko, akaweka ngazi, akashuka huku anapiga mluzi, na hakupanda tena.

Msibani watu walitafuta wa kumnyooshea kidole, nao hawakwenda mbali. Nani alimtuma ashuke? Mke. Nani aliyekuwa anashinda nyumbani na lile tangi? Mke. Mama mkwe akatamka mbele ya waombolezaji kwamba mwanamke yule alitumbukiza vidonge vya sumu mle ndani akanyamaza, mumewe akashuka hajui. Kufikia jioni hakuna aliyebaki na shaka. Walimfukuza na nguo zake, mtoto wakambakiza, mtoto ni wa kwao.

Na Bi Nusu? Bi Nusu alijua. Alijua kabla aliyempigia simu hajamaliza sentensi. Alijua hapakuwa na kidonge hata kimoja, kwa sababu yeye ndiye aliyevikataza. Alikaa mkekani na wenzake, akafunga mdomo. Alijiambia atasema wakishazika. Walipozika, akajiambia atasema mama yake akitulia. Mama hakutulia, alikufa na imani yake. Aibu ilikuwa kubwa mno: yeye, msomi wa ukoo, ndiye aliyemwua mdogo wake kwa maelezo ya nusu. Akamchukua mtoto amlee, akamlea kweli, hakumnyima kitu chochote isipokuwa hicho kimoja.

Mtoto huyo ndiye Kizee. Walimpa jina hilo tangu utotoni kwa sababu alikuwa na uso wa mtu aliyezeeka mapema, anakusikiliza mpaka mwisho ndipo anajibu. Sasa alikuwa mwanafunzi wa darasa la mwisho, darasa la shangazi yake. Mama yake alimpigia simu kila shule zilipofungwa, naye aliitazama ikilia mpaka ikachoka. Aliwahi kumwambia shangazi yake kwa utulivu kabisa kwamba hana cha kuzungumza na mtu aliyemwua baba. Shangazi alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua.

Basi turudi kwenye karatasi. Swali la saba darasa zima lilikuwa limeanguka. Karibu wote waliandika kwamba mahindi yakishavunwa yamekufa, na kitu kilichokufa hakipumui, kwa hiyo joto lilitokana na jua. Bi Nusu hakuwa na wa kumlaumu. Kila mwaka akifika kwenye habari za mbegu na uhifadhi wa nafaka aliwaambia watajisomea wenyewe, akafunua ukurasa unaofuata. Nani amewahi kujisomea mwenyewe?

Karatasi ya Kizee aliijua kwa mwandiko. Sehemu ya kwanza sawa. Sehemu ya pili, mahindi yamekufa, kama wenzake. Sehemu ya tatu, mtoto hakuandika habari za oksijeni wala kabonidioksidi. Aliandika: "Ni hatari kwa sababu mtu anaweza kuwa ameweka dawa ya sumu humo bila kumwambia anayeingia."

Kalamu ilibaki hewani. Bi Nusu aliisoma sentensi hiyo mpaka herufi zikaanza kucheza. Kwa mwongozo wa kusahihisha lilikuwa kosa, kosa lisilostahili hata nusu. Mtahiniwa mwingine popote asingeweza kukosea namna ile. Kosa lile lilifundishwa msibani, likakuzwa ndani ya nyumba yake, kwa chakula chake. Kuweka mkasi, ile alama ya kosa, kwenye sentensi hiyo kulikuwa ni kumwambia mtoto kwamba mama yake hakuua. Kutoweka kulikuwa ni kusaini uongo kwa wino mwekundu. Alikaa pale mpaka mlinzi akaja kuuliza kama afunge madirisha. Akaiacha sehemu hiyo hivyohivyo, haina tiki wala mkasi, akajumlisha alama zilizobaki, akaifunika karatasi kwa nyingine.

Jumatatu mwalimu wa taaluma alimvamia mezani. Alikuwa mtu mcheshi, anatembea na rundo la funguo linalomtangulia kwa kelele, na alishapitia matokeo yote. Alisema darasa la Bi Nusu limefanya vizuri, ila swali la saba limewalaza chali. Alitaka kesho yake warudie, na yeye mwenyewe angekaa nyuma ya darasa asikilize, maana maswali ya namna hiyo hayakawii kurudi kwenye mtihani wa mwisho. Bi Nusu alijaribu kumpiga chenga. Alisema lile ni swali la kilimo, si la biolojia. Mwalimu wa taaluma akamwuliza mbegu zilihamia kilimo lini, akacheka, akaenda zake na funguo zake.

Usingizi ulimpaa. Alilala anatazama dari huku akipima. Akilifundisha swali lile kama inavyotakiwa, Kizee ataelewa baba yake alikufaje. Mtoto yule haambiwi kitu mara mbili. Ataelewa kwamba mama yake hana kosa. Na akishaelewa hilo atajiuliza nani alimwambia baba azibe tangi, na jibu la hapo analo tangu utotoni, alimsikia baba yake akijisifia kwa kila mpita njia. Asipolifundisha, watoto wale wataingia kwenye mtihani wa mwisho na shimo alilowachimbia mwenyewe, na binti wa mdogo wake atakwenda na chuki ya bure mpaka uzeeni. Aliogopa kumpoteza yule mtoto kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Tusimpambe. Kilichokuwa kinamliza kitandani ni hofu ya kubaki peke yake, huruma kwa wifi yake ilikuja nyuma.

Kesho yake aliingia darasani na karatasi kifuani. Mwalimu wa taaluma alikuwa ameshakaa nyuma, goti juu ya goti. Kizee alikuwa mstari wa pili, karibu na dirisha.

Aliwagawia karatasi zao, akaanza na ya kuchekesha, aliyoyanakili pembeni, ili avute muda. Alisoma habari ya pua ya seli, darasa likaangua kicheko. Alisoma ya mkimbiaji mlevi, mwenyewe aliyeiandika akajificha chini ya dawati. Alieleza vizuri, pole kwa pole, kwamba misuli ikikosa oksijeni hutengeneza asidi ya laktiki, pombe ni kazi ya hamira. Kwamba nishati haiumbwi, hutolewa kutoka kwenye chakula. Kwamba mmea hupumua mchana na usiku, kama wewe, hauna likizo. Aliandika ubaoni, akafuta, akaandika tena mahali pasipohitaji. Mwalimu wa taaluma akatazama saa. Akakohoa.

Bi Nusu akapiga moyo konde.

Aliuliza nani anasema mahindi yaliyovunwa yamekufa. Mikono ikanyooka msitu mzima. Akauliza mahindi ya kupanda hutolewa wapi. Kijana mmoja akajibu kwamba hutolewa kwenye yaleyale ya ghalani, yanachaguliwa makubwa. Akawauliza, mnakuwa mmepanda maiti, na maiti inaota majani? Sauti ya "aaa" ikapita kutoka mbele hadi nyuma. Alimwona mwalimu wa taaluma akiitikia kwa kichwa, ameridhika.

Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe. Alisema punje iko hai, imelala tu, na unyevu huiamsha. Ikiamka inapumua. Inatumia oksijeni, inatoa kabonidioksidi, inatoa joto. Ukungu nao hivyohivyo. Ukiziba tangi, wadudu wanakufa, na wewe unafurahi, unaona umewapatia. Lakini oksijeni iliyowaishia wadudu imewaishia wote. Hewa iliyobaki mle haina harufu, haina rangi, haikuonyi. Mtu akishuka anavuta mara chache tu, miguu inamwishia nguvu, anaanguka. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka wa nyuma wakaanza kuinamia mbele.

Kizee akainua mkono.

"Mwalimu, hata kama hakuna aliyeweka sumu?"

"Hata kama hakuna."

"Kwa hiyo jibu langu ni kosa. Hukulisahihisha."

Chumba kizima hakikujua kinachoendelea. Kwao yalikuwa masahihisho, mtoto anadai alama zake. Bi Nusu alimtazama, akaona jinsi uso ule wa kizee ulivyotulia, macho hayapepesi. Alijua akisema neno moja hapo hakuna kurudi nyuma.

"Ni kosa," alisema. "Hapakuwa na sumu."

Hakusema huenda hakuna sumu, wala si lazima iwe sumu, kama ambavyo mwalimu angesema. Alisema hapakuwa. Kizee akashusha mkono, akageukia dirisha. Kipindi kilipokwisha mwalimu wa taaluma alimshika Bi Nusu bega, akamwambia amefundisha kama mtu aliyeyaona kwa macho. Akajibu asante.

Jioni Bi Nusu alichelewa kurudi kwa makusudi. Alipanga chaki zilizokwisha kupangwa, akafuta meza isiyo na vumbi. Alipofika nyumbani alimkuta Kizee mezani na sare zake, hajabadilisha, chakula kimepikwa na kufunikwa. Mtihani wake ulikuwa mbele yake, swali la saba juu. Shangazi akavuta kiti. Hakuna aliyefunua chakula.

Kizee hakuuliza nani alimfundisha baba kuziba tangi. Alisema tu anakumbuka baba alivyokuwa anapaka ile lami, mikono myeusi, akiimba jina la dada yake. Kwamba na yeye alimsaidia kushika kopo. Kisha akauliza shangazi alijua lini.

"Siku ileile," Bi Nusu akasema.

"Kabla bibi hajamsema mama?"

"Kabla."

Alitaka kuongeza. Alikuwa na mengi, ameyapanga miaka: kwamba alimpenda mdogo wake, kwamba aliogopa, kwamba alidhani akimlea vizuri itatosha. Akaona hakuna hata moja linaloweza kusimama mbele ya mtoto yule. Machozi yalimtoka akayaacha. Kizee hakumtazama. Alichukua simu, akatafuta namba ambayo yeye hakuwahi kuipiga, akaweka spika, akailaza simu mezani katikati yao.

Mama yake alikuwa fundi cherehani katika mji mwingine, akishona sare za shule. Alipopokea, cherehani ilisikika nyuma ikikimbia. Kizee akasema, mama, ni mimi, na cherehani ikanyamaza.

"Mama, wewe hukuweka dawa kwenye tangi."

Mama akajibu: "Sikuweka, mwanangu."

"Ulijua kilichomwua baba?"

"Daktari aliniambia. Alisema ni hewa ya mle ndani, mahindi yaliimaliza. Niliwaambia. Niliwaambia msibani palepale, nikiwa nimepiga magoti. Bibi yako akasema daktari nimempanga."

"Na shangazi je?"

Bi Nusu aliushika ukingo wa meza. Lilikuwepo jambo moja la siku ile ambalo hakuwahi kulitazama usoni, hata akiwa peke yake, na sasa lilikuwa linakuja kwa sauti ya wifi yake, isiyo na haraka, isiyo na hasira.

"Shangazi yako nilimtazama yeye. Mimi sikusoma, maneno ya daktari niliyasema vibaya, nikachanganya, watu wakawa wanaguna. Nikasema, wifi ni mwalimu wa mambo hayo, akisema neno moja wataamini. Nikamwita. Nikamwambia, wifi, hebu waeleze. Akaangalia chini."

Kizee aliuliza kwa nini hakumwambia yote haya. Mama akasema angemwambiaje mtoto asiyepokea simu. Halafu akasema, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba na hata angepokea asingesema. Mtoto alikuwa anasoma, anakula, analala pazuri, analelewa na mtu anayempenda. Angemwambia, angekosa hata huyo. Aliona heri achukiwe yeye, kwa vile yeye alikuwa mbali tayari.

"Yupo hapo?" akauliza.

"Yupo."

"Msalimie."

Simu ilipokatika, Bi Nusu alikuwa amejiinamia, mabega yanatikisika. Alilia kama wanavyolia watu wazima wasiozoea, kwa sauti ya kukwaruza. Kwa muda wote ule alidhani ameficha. Kumbe mtu mmoja alikuwa anajua kila kitu, akamfichia, na huyo mtu ndiye aliyefukuzwa. Alisema nisamehe, mwanangu. Alisema tena. Kizee alinyanyuka, akampa leso, akarudi kukaa. Alifanya hivyo kwa adabu, kama mtu anavyompa leso abiria mwenzake.

Kisha akasema aliyoyaamua. Atakaa hapa mpaka mtihani wa mwisho uishe. Kule kwa mama hapana mwalimu wa biolojia kama huyu, na yeye hataki kufeli kwa sababu ya mambo ya watu wazima. Mtihani ukiisha ataondoka siku hiyohiyo, na asisindikizwe. Shangazi aliitikia kila neno kwa kichwa. Hakuomba kitu.

Kizee akasogeza sahani zilizofunikwa pembeni, akavuta karatasi ya mtihani, akatafuta kalamu.

"Sehemu ya tatu darasani sikuandika masahihisho," alisema. "Nitajie."

Bi Nusu alifuta uso kwa kiganja. Akaweka viganja mezani, akaanza. Alisema mahindi yenye unyevu yako hai, na yanapumua. Alisema yanatumia oksijeni iliyomo ndani ya tangi na kutoa kabonidioksidi. Alisema mtu akishuka mara tu tangi linapofunguliwa hakuna oksijeni ya kumtosha, na hapo maneno yakaanza kumtoka kwa kasi, yanagongana, anataka ayamalize yote kwa pumzi moja ili yawe yamekwisha.

"Polepole, Mwalimu," Kizee akasema bila kuinua kichwa. Ndani ya nyumba ile hakuwahi kumwita hivyo. "Naandika."